Ukuta wa Jogoo Road

Lindi, Kibera
14 Machi 1977

Bwana Mwenyekiti Naftaly Thuo,
Gatina United, Kawangware.

Sikusalimu. Salamu ni za watu wanaotakiana heri.

Naandika kwa sababu mara mbili nimekuja Gatina na mikongojo yangu, na mara mbili mlinzi wako ameniambia hupo, huku Peugeot yako imesimama uani na sauti yako inasikika ukigombana na fundi wa mabati. Barua haizuiliwi na mlinzi.

Kiwanda cha magunia kule Industrial Area kinatafuta mtu wa kufundisha timu yake. Meneja wao aliwahi kuniona nikicheza, anakumbuka hata pasi niliyompa Murunga siku tuliyowafunga watu wa Machakos. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za goti. Kisha akafungua droo akatoa gazeti. Akasema, "Bwana Obiero, hapa wameandika ulianguka kwa baa ukiwa mlevi, jioni kabla ya mechi. Siwezi kuwapa vijana wangu mlevi. Niletee neno la mwenyekiti wako kwamba hii maneno si kweli." Amenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Mwandishi wa gazeti hilo alipewa habari na wewe. Mimi ni Msabato. Pombe siijui hata harufu yake inavyokaa mdomoni, na wewe unajua hivyo, maana kwenye karamu ya timu ulinicheka nikinywa chai.

Nikukumbushe yaliyotokea, naona yamekutoka kichwani. Jumapili ile ya Desemba, mechi ya kupanda daraja na Chania Wanderers, tulifika uwanja wa Jogoo Road kwa lori. Geti lilikuwa wazi, watu wanaingia. Ukatusimamisha ukasema, "Hakuna mtu anapitia geti. Muema amesema hawa watu wamefukia kitu hapo. Mtaruka ukuta wa nyuma." Huyo Muema ni mganga uliyemleta mwenyewe, aliyekaa mbele na dereva akipakata mfuko wake wa ngozi. Tukaruka. Mimi nikaangukia mtaro wa saruji upande wa pili. Uliona goti langu lilivyogeuka likatazama kando. Ulikuwa umesimama pale pale umeshika kofia.

Wiki iliyofuata nilikuwa niingie kambi ya timu ya taifa. Daktari amesema sitacheza tena.

Goti sikudai, huna la kunipa. Nataka uandike ukweli, kwa kiwanda na kwa gazeti. Basi.

Obiero Oyoo


Gatina, Kawangware
23 Machi 1977

Bwana Obiero,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja, inatosha.

Shukrani ya punda ni mateke. Nani alikutoa kwenye uwanja wa vumbi wa Lindi, ukicheza bila viatu na watoto wa shule? Nani alikupa jezi namba nane wakati wenzangu kwenye kamati walisema mtu mwembamba hivi hawezi kusimama katikati ya uwanja? Miaka mitano ulikaa kwenye ploti yangu kama mtoto wa nyumba. Mke wangu Wangoi alikuwa akikuletea uji kabla ya mazoezi. Leo unaniandikia "sikusalimu".

Ndiyo, niliwaambia watu wa gazeti ulikuwa mlevi. Ilibidi waambiwe kitu. Ulitaka niseme nini? Mimi ni mwanakamati wa kanisa, na baada ya Pasaka tunachagua wazee wa kanisa, na jina langu liko mbele. Kanisa lenyewe limejengwa kwenye shamba la baba yangu. Unataka nisimame niseme Naftaly Thuo aliipeleka timu kwa mganga?

Na tukifika kwenye ukweli, tuuseme wote. Yule mganga nilimleta kwa ajili yenu. Nyinyi watu wa ziwa, kabila lenu zima, hamchezi mechi kubwa bila vitu hivyo, kila mtu Nairobi anajua. Wewe mwenyewe nilikuona kila Jumapili, umejificha nyuma ya lori, unatoa chupa bila lebo na kujipaka miguu huku midomo inacheza. Nikasema moyoni, huyu ndiye kiungo wangu, timu nzima inapita miguuni mwake, akiingia uwanjani na hofu tumekwisha. Nikawatafutia mnachotaka. Nilikwenda kwa Muema usiku wa aibu, nimevaa koti la mtu mwingine. Nilifanya hivyo kwa sababu yenu, halafu mimi ndiye mbaya.

Tulishinda mechi ile bila wewe. Ng'ang'a sasa ndiye namba nane, na chumba chako amekaa yeye, kwa hivyo usitume mtu kuuliza vyombo vilivyobaki.

Siandiki kitu.

N. Thuo


Lindi
27 Machi 1977

Thuo,

Nani alikudai mganga?

Taja jina. Mtaje mchezaji mmoja aliyekuja kwako akasema, "Mzee, tutafutie mganga." Hakuna.

Chupa uliyoniona nayo ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na kafuri. Mke wangu Seline ndiye aliyekuwa akinitengenezea, kwa sababu msuli wa paja hili ulikuwa ukikaza nikikimbia kabla haujapata moto. Nilijificha nyuma ya lori kwa sababu Murunga alikuwa akipiga kelele kwamba nanuka kama stovu. Midomo ilikuwa inacheza kwa sababu nilikuwa naomba. Naomba kwa Mungu yule yule ambaye baba yako alimpa shamba.

Sasa nikuambie sisi tuliona nini. Msimu ulipoanza ulileta viatu vipya. Ukatupanga mstari, ukachukua mkono wa kila mmoja, ukatema mate kwenye kiganja, ukasema maneno ya Kikuyu. Ukatutemea na kifuani. Mimi niliosha mikono mpaka ngozi ikauma. Jioni ile tulikaa tukasema, kumbe huyu mzee ana mambo yake mazito, tukikataa atatufukuza. Kwa hivyo uliposhuka kwenye lori na Muema wako hakuna aliyeshangaa. Oliech, golikipa, nilimsikia kwa masikio yangu haya akisema, "Wacha, jaduong', huyu mzee, anaamini hiyo vitu yake. Turuke tu tumfurahishe, tukacheze." Nikaruka ili nikufurahishe wewe.

Usinirudishie uchawi wako kama nguo nilizosahau kwako. Vaa mwenyewe.

Tarehe zinakwenda. Andika kwa kiwanda.

Obiero


Lindi
31 Machi 1977

Mzee Thuo, Baba Mumbi,

Ni mimi Seline, Mama Adero, yule wa samaki sokoni Kawangware. Obiero hajui kwamba naandika. Nakuita Mzee kwa sababu mama yangu alinifunza hivyo. Wewe hujafanya kitu cha kuitwa hivyo mwaka huu.

Barua yako ya mwisho aliisoma, akaikunja, akakaa mlangoni mpaka mkaa wote ukaisha jikoni. Mtoto akimletea mpira anausukuma na mkongojo ili usimfikie. Mtu huyu, Mzee, alikuwa akitembea barabarani na kuonyesha watu kwa kidole mahali ambapo pasi ingepita kati ya kioski na kioski. Nilikuwa nikiona aibu kutembea naye. Sasa ningelipa chochote nione aibu hiyo.

Jumapili iliyopita Murunga, kepteni wenu, alikuja kumwona. Nilimuuliza mwenyewe, bila kuzunguka, nani alitaka mganga. Akacheka kwanza, halafu akaacha. Akaniambia ulimwita kabla ya mechi ukamuuliza, "Nyinyi huwa mnafanya namna gani siku za mechi kubwa?" Yeye akakujibu, "Vile wewe utaona, mzee." Alifikiri unamwonyesha kwamba una mpango wako, na mtu hakatai mpango wa mwenye timu. Wewe ukafikiri anaomba kwa adabu. Mkaagana hivyo.

Muulize. Yeye si wa Lindi, si mtu wa ziwa wa kukuzulia mambo, ni Mluhya, na bado anavaa jezi yako.

Kuhusu pombe: wanawake wenzangu kanisani wameanza kuniletea maombi ya wake wa walevi. Nayapokea nayasoma. Ukiwa na binti, na najua unaye, fikiria mtu akimfanyia hivyo.

Nisalimie mkeo, Mama Mumbi. Yeye hajanikosea.

Seline


Gatina
9 Aprili 1977

Obiero,

Kesho ni Pasaka, nyumba imejaa wageni, na mimi nimejifungia na barua zako kama mtu anayedaiwa.

Nilimwita Murunga. Nilimuuliza, akajibu kama alivyomjibu mkeo, neno kwa neno. Nilimpigia kelele. Nikamwambia, "Kwa nini hukusema hapana?" Akaniambia, "Mzee, wewe ulikuwa unauliza kama mtu ameshaamua." Nikamfukuza ofisini.

Kwa hivyo hakuna aliyetaka. Mimi sikuamini kitu cha Muema hata kidogo, nyinyi hamkuamini, na nafikiri hata Muema mwenyewe hakuamini, maana alipomaliza alitaka apewe tikiti aingie aone mpira, na alipitia geti.

Mate uliyonawa mpaka ngozi ikauma ni baraka. Mzee wa Kikuyu akikubariki hukutemea kidogo, mkononi na kifuani, kama anavyomfanyia mtoto wake. Baba yangu alinifanyia hivyo siku ya mwisho aliyoweza kukaa kitandani. Niliwafanyia nyinyi kwa sababu niliwapenda, na nyinyi mkakaa jioni mkanifanya mchawi. Usifikiri wewe peke yako umetukanwa.

Sasa sikiliza. Uchaguzi wa wazee ni tarehe ishirini na nne. Nitamwandikia meneja wa kiwanda kwamba hukuwa umelewa, kwamba uliteleza kwenye ngazi pale kwenye ploti yangu, saruji ilikuwa na maji. Lawama iwe yangu, ya ngazi mbovu. Wewe unapata kazi. Gazeti tuliache, watu wameshalifungia nyama. Na Ng'ang'a nitamhamisha, urudi chumba chako na familia, ukae hata kama hutatoa kodi mpaka uimarike.

Hilo ni jambo la mtu mzima. Likubali tumalize.

N. Thuo


Lindi
13 Aprili 1977

Thuo,

Uongo wa kwanza ulinifanya mlevi. Wa pili unanifanya mpumbavu asiyejua kushuka ngazi. Unanichagulia uongo kama unavyomchagulia mtoto nguo za shule.

Ngazi zako ni nzuri. Nimezipanda miaka mitano na galoni ya maji mkononi. Acha kuzisingizia.

Unajua kilichonifanya nicheze vizuri? Sikuwa na mbio. Ng'ang'a wako ana mbio kunishinda. Mimi nilikuwa namwambia mtu ukweli kwa mguu wangu. Nikitaka kukupa mpira nilikupa, mbele ya mguu wako unaoupenda, na ukiwa umekaa vibaya nilikunyima mpaka ujirekebishe. Wachezaji waliniamini kwa sababu hiyo. Hao vijana wa kiwanda nitawafundisha nini kama nimeingia kwao kwa uongo? Kesho Murunga atakutana na mmoja wao barabarani amwambie ukweli, na nitakuwa mwongo juu ya kuwa kilema.

Kuhusu baraka yako, nimesikia. Sikujua. Ungenieleza siku ile kwa Kiswahili ningekunyooshea mkono wa pili. Lakini ulinibariki Januari, na Desemba ukaniuza kwa mwandishi wa gazeti kabla hawajanifunga plasta.

Chumba sitaki.

Tarehe ishirini na nne nitakuja kanisani kwako. Mimi Sabato yangu ni Jumamosi, Jumapili nina nafasi. Nitakaa nyuma. Wakati wa matangazo, wakiuliza kama kuna mgeni mwenye neno, nitasimama kama naweza, na nitasema lote, kuanzia lori mpaka mtaro. Au usimame wewe kwanza. Chagua.

Obiero Oyoo


Gatina
26 Aprili 1977

Obiero,

Umepata ulichotaka.

Ulinikodolea macho ibada nzima. Nyimbo tatu sikuimba. Mchungaji alipoita majina ya wanaogombea nilisimama, nikasema yote, mganga, ukuta, gazeti. Nilisema nilimdanganya Mungu na kanisa. Uliwaona akina mama walivyoshika midomo. Ulimwona mke wangu akitazama chini. Mchungaji ameliondoa jina langu, na nimeambiwa nikae nje ya meza ya Bwana mpaka waone toba yangu. Nimekaa nje ya kanisa lililojengwa kwenye shamba la baba yangu. Murunga amechaguliwa na wachezaji kushika timu mpaka kamati ikutane, kwa hivyo na timu sina.

Jana nilikwenda kiwandani mwenyewe. Nilimpa meneja karatasi yenye sahihi yangu, nimeandika kwamba hukuwa mlevi, kwamba mimi ndiye niliyekuamuru uruke ukuta. Alinitazama kama anatazama mtu aliyejifunga goli mwenyewe. Amesema uanze kazi Jumatatu. Gazeti nimelipelekea karatasi kama hiyo.

Nimemaliza. Deni langu kwako halipo. Usiniandikie tena, usimtume mkeo aniandikie, na ukiniona barabarani pita upande wa pili.

Naftaly Thuo


Kiwanda cha Magunia, Industrial Area
3 Mei 1977

Mzee Thuo,

Umesema nisikuandikie. Hii ni moja, baadaye sitakusumbua.

Kazi nimeanza. Vijana ni wazuri, wana hamu, wanapiga mpira kama wanaua nyoka. Jana niliwasimamisha, nikawatembeza uwanjani bila mpira, nikawaonyesha nafasi kwa mkongojo. Meneja alikuja kutazama akasema, "Hii ndiyo nilikuwa nataka." Namshukuru Mungu. Kwa karatasi uliyompa nakushukuru pia, kwa sababu haki ni haki hata ikitoka kwa mtu uliyemchukia.

Lakini Jumapili ile nilikuja na sikio langu lote, na nataka ujue nililolisikia.

Uliomba msamaha kwa Mungu. Ukaomba kwa mchungaji. Ukaomba kwa kanisa, ukaomba kwa Mama Mumbi mbele ya watu mpaka akalia. Nilikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, mguu nimeunyoosha kwenye njia kwa sababu haukunjiki. Nilikuwa nasubiri. Nilijiambia, akifika kwangu nitasimama, nitampa mkono, yaishe. Niliapa hivyo kwa Seline tukiwa njiani.

Ulisema, "Na katika jambo hilo kijana mmoja aliumia mguu."

Kisha ukaketi. Ibada ilipokwisha ukatoka, ukauruka mguu wangu kwa uangalifu usije ukajikwaa.

Nimejaribu kuacha hilo nimeshindwa. Kwenye gazeti ulitoa jina langu lote, la kwangu na la baba yangu aliyekufa, na mtaa nilikotoka, ili mlevi ajulikane ni nani. Kanisani, siku ya ukweli, hukunijua.

Mlevi alikuwa Obiero Oyoo wa Lindi. Aliyevunjwa mguu alikuwa kijana mmoja.

Obiero Oyoo